Ratiba ya joto na mwanga kwa vifaranga Nakuru: mwongozo kamili, siku ya kwanza hadi yai la kwanza

Waulize wafugaji wa Bahati, Njoro au Rongai vifaranga wao hufa lini zaidi, na wengi watakujibu: juma la kwanza, tena alfajiri. Lawama hutupiwa chakula, chanjo, au aliyewauza. Lakini mara nyingi kilichowamaliza ni baridi ya saa kumi alfajiri, au taa iliyowababua saa nane mchana chini ya mabati huku mwenyewe akiwa shambani.

Shika jambo hili kabla ya mengine yote: joto na mwanga ni ratiba mbili. Joto hushuka kidogo kidogo hadi kuku ajitegemee. Mwanga nao hushuka kwa mwendo wake, hutulia, kisha kwa kuku wa mayai hupandishwa tena. Anayetegemea balbu moja kwa kazi zote mbili hawezi kuzifuata ratiba hizi, kwa sababu akitaka kuwapa vifaranga giza lazima awanyime joto.

Kifaranga hajipashi joto mwenyewe

Kuku mzima ana joto la mwili la nyuzi 41 hivi. Kifaranga aliyeanguliwa leo yuko chini kidogo ya hapo, na hana namna ya kulishikilia joto hilo. Alichovaa ni malaika laini, upepo unapita. Uwezo wa kudhibiti joto la mwili hukomaa polepole katika wiki mbili za kwanza, na manyoya ya kweli hufunika mwili kufikia wiki ya nne hivi. Kabla ya hapo joto ni la mama yake, au ni lako.

Kifaranga akipigwa na baridi kwa saa chache tu, haendi kula wala kunywa. Kiini cha yai alichobaki nacho tumboni, ambacho ndicho akiba yake ya siku za kwanza, hakitumiki vizuri. Siku ya tatu au ya nne unamwona tumbo limevimba, mkia umechafuka na kinyesi kilichoganda, macho yamefumba. Hata akipona hubaki mdogo kuliko wenzake, na kundi lisilolingana litakusumbua hadi wakati wa kutaga.

Sasa tazama tunaishi wapi. Mji wa Nakuru uko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai joto hushuka hadi karibu nyuzi 10. Molo ni juu zaidi, kwenye mita 2,500 hivi, na baridi yake wenyeji wanaijua. Kisumu iko karibu mita 1,130, na usiku wake mwingi hubaki kwenye nyuzi 17 au zaidi. Karatasi ya maelekezo inayokuja na boksi la vifaranga haijui kama unaishi Molo au Nyalenda ya Kisumu. Inakupa nyuzi zinazotakiwa, basi. Kazi ya kuzipata ni yako, na kazi hiyo hailingani kati ya sehemu hizi mbili.

Kuna jambo lingine la Nakuru ambalo wageni hawalitarajii. Januari na Februari mchana ni moto, na chini ya mabati yasiyo na dari ni moto zaidi, lakini usiku wa siku hiyohiyo unaomba blanketi. Kwa hiyo bruda ya hapa, yaani mahali pa kulelea vifaranga kwa joto, haiwezi kuwashwa na kuachwa hivyo. Ni lazima iwe na kipimo cha mchana na kipimo cha usiku.

Andaa bruda siku moja kabla

Tengeneza duara. Pembe ni hatari, kwa kuwa vifaranga wakisikia baridi hujikunyata kwenye kona, wakapandana, na wa chini wakakosa hewa. Juma la kwanza hesabu vifaranga 50 kwa kila mita moja ya mraba. Kwa vifaranga 100 unahitaji mita mbili za mraba, yaani duara lenye upana wa mita 1.6. Piga msumari katikati ya sakafu, funga kamba ya sentimita 80, zunguka nayo ukichora kwa chaki. Karatasi moja ya hadibodi ya futi 8 kwa 4, ukiipasua katikati kwa urefu, inatoa vipande viwili vinavyofunga duara la vifaranga 90 hivi. Wakiwa mia, ongeza kipande kidogo.

Wiki ya pili fungua duara wabaki 30 kwa mita, na kuanzia ya tatu wawe 20. Ukichelewa kuwatanua, joto la miili yao wenyewe litaanza kuwachoma na maranda yatalowa.

Chini mwaga maranda makavu, sentimita 5 hadi 8. Ukiwa Molo, Mau Narok au Kuresoi weka 10, maana baridi kubwa ya sehemu hizo hupanda kutoka kwenye saruji. Maranda hupatikana kwa wachana mbao wa Elburgon na mashine za mbao mjini. Kisumu wengi hutumia maganda ya mchele ya Ahero, nayo ni mazuri yakiwa makavu. Unga wa msumeno uache kabisa: vifaranga huula wakidhani ni chakula, na vumbi lake huingia kifuani. Siku mbili za kwanza unaweza kutandika karatasi juu ya maranda ili wakione chakula, ila iwe ya kukwaruza. Gazeti huteleza, na miguu ya kifaranga inayoteleza kutwa hupanuka ikabaki hivyo.

Kisha washa joto saa 24 kabla vifaranga hawajafika. Wengi huliruka jambo hili ili kuokoa tokeni au makaa, na mimi naona ndipo hasara inapoanzia. Hewa hupata joto kwa saa moja, lakini sakafu na maranda huchukua mchana na usiku. Kifaranga hulala kwa tumbo, kwa hiyo maranda ndiyo hali yake ya hewa. Ingiza kipimajoto ndani ya maranda: kisome nyuzi 28 hadi 30 kabla hujafungua boksi.

Chanzo cha joto

Penye stima ya kutegemewa, tumia balbu nyekundu za infraredi. Ya wati 250 moja hutosha vifaranga 100 sehemu ya joto, lakini Nakuru nashauri moja kwa kila 50, hasa Juni hadi Agosti. Hata kama hesabu inasema moja inatosha, weka mbili. Moja ikiungua usiku, nyingine itawafikisha asubuhi. Zitundike sentimita 45 hadi 60 juu ya maranda kwa mnyororo, kwa kuwa kamba huungua na waya wa stima haukuumbwa kubeba uzito. Holda iwe ya kauri. Ile ya plastiki huyeyuka, balbu ikaanguka kwenye maranda makavu, na banda likashika moto. Zungushia balbu wavu wa chuma kama kinga ya pili.

Fanya hesabu kabla hujanunua. Balbu ya wati 250 ikiwaka saa 24 hula uniti 6. Mbili mfululizo ni uniti 12 kwa siku. Lakini ukizima moja kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tatu usiku, unarudi kwenye uniti 9, na kwa siku nyingi za jua Nakuru hilo linawezekana. Zidisha na bei ya tokeni unayolipa, kisha na siku 28, upunguze kidogo kwa wiki za mwisho. Hiyo ndiyo gharama ya kweli ya kundi lako, iweke kwenye bajeti kando ya chakula.

Ziko pia balbu za kauri zinazotoa joto bila mwanga wowote. Ukizipata, zichukue, kwa sababu zinakupa uhuru kamili wa kupanga giza. Sola ndogo ya nyumbani ni nzuri sana kwa mwanga, lakini isitegemewe kwa joto. Balbu moja ya joto inakula uniti 6 kwa siku, na paneli ya kuchaji simu na taa tatu haikaribii hata kidogo.

Makaa ndiyo njia ya wengi vijijini, na yanafaa yakiheshimiwa. Jiko la udongo au chungu chenye matundu hushika joto vizuri kuliko jiko la bati. Liwashie nje. Subiri makaa yote yawe mekundu na moshi uishe kabisa, nyunyiza majivu juu yapate kuungua polepole, ndipo uliingize. Lisimamishe juu ya matofali au sinia la mchanga, ulizungushie wavu wa seng'enge. Usilifunike na chochote kinachoweza kushika moto.

Hapa sitapunguza maneno. Makaa mekundu yasiyo na moshi hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, nayo inaua. Inaua vifaranga na inamuua mtu. Usilale ndani ya bruda yenye jiko, hata kwa dakika chache za kusubiri kubadilisha makaa. Usimwache kijana wa kazi alale humo. Acha nafasi ya wazi juu ya pazia, angalau upana wa kiganja, upande usiopigwa na upepo, usiku na mchana. Ukiona vifaranga wamesinzia wote bila kuitikia mlango ukifunguliwa, fungua mapazia yote kwanza, maswali yaje baadaye.

Hewa hiyo ina umuhimu wa ziada kwetu wa nyanda za juu. Kuku wa nyama hukua haraka na moyo wake unafanya kazi kubwa. Juu milimani oksijeni ni chache, na baridi humfanya aitumie zaidi. Ukiongeza bruda iliyozibwa kila upande, moyo unashindwa na maji hujaa tumboni. Mfugaji humchinja, akaona maji ya manjano, akadhani ni ugonjwa wa kuambukiza. Wafugaji wa Molo wanaofuga kuku wa nyama wapashe joto zaidi na kuziba kidogo, wala wasifanye kinyume chake.

Bruda ya gesi ina maana ukiwa na vifaranga mia tano na zaidi. Joto lake ni sawasawa na linarekebishika, lakini nayo hula hewa, kwa hiyo kanuni ya nafasi ya wazi ni ileile.

Asiye na stima wala makaa ya kutosha anaweza kutumia sanduku la nyasi kavu baada ya siku chache za kwanza za joto la kawaida. Kuta za sanduku hujazwa nyasi, juu hufunikwa gunia, na vifaranga huingizwa humo jioni walale wakipashana joto. Linafaa kundi la 50 au chini ya hapo. Utawaingiza kwa mkono jioni mbili tatu, kisha watajua njia.

Siku ya kuwapokea

Omba vifaranga wafike asubuhi. Ukiwapokea jioni utakuwa unajifunza tabia za bruda gizani, wakati wao ndio wanahitaji macho yako.

Wakifika, joto kwenye ukingo wa taa liwe nyuzi 33 hadi 35, kipimajoto kikiwa sentimita 5 juu ya maranda, usawa wa mgongo wa kifaranga. Usikitundike ukutani kama kalenda. Ukutani utasoma joto lako wewe. Maji yawe ya uvuguvugu, kwa sababu maji ya bomba ya Nakuru asubuhi ni baridi kiasi cha kumshtua kifaranga aliyesafiri. Wachovye midomo kumi au kumi na tano, wengine wataiga. Baada ya saa moja au mbili mwaga chakula kwenye karatasi na sinia.

Saa nane baadaye shika vifaranga kumi kutoka sehemu mbalimbali za duara, si wa karibu tu. Papasa mfuko wa chakula ulio chini ya shingo. Wanane wawe na mfuko uliojaa, laini, wenye chakula na maji. Ukikuta mgumu, wamekula hawajanywa. Ukikuta wa maji matupu, hawajakiona chakula. Kesho yake asubuhi karibu wote wawe wameshiba. Kisha weka miguu ya kifaranga kwenye shavu lako. Ngozi ya shavu ni kipimajoto kizuri. Miguu ikiwa ya baridi, maranda ni baridi, hata kama kipimajoto cha juu kinasoma vizuri. Usiongeze chakula, ongeza joto la chini.

Ngazi ya joto, juma kwa juma

Hizi ni nyuzi za Selsiasi kwenye ukingo wa taa, usawa wa kifaranga:

Wiki ya 1: anza na 33 hadi 35, maliza na 32.
Wiki ya 2: 31 kushuka hadi 29.
Wiki ya 3: 28 kushuka hadi 26.
Wiki ya 4: 25 kushuka hadi 23.
Wiki ya 5: 22 hadi 21, kisha hali ya kawaida.

Kuku wa nyama hushuka haraka kuliko hivi, wafike 21 kwenye wiki ya nne, maana miili yao mikubwa hutengeneza joto jingi. Kisumu utakuta wiki ya tatu taa haina kazi mchana, na usiku inahitajika kidogo tu. Nakuru mjini tegemea wiki nne kamili. Molo usishangae kuwasha usiku hadi wiki ya sita msimu wa mvua.

Shusha nusu nyuzi kila siku, badala ya kukata tatu kwa mkupuo kila Jumatatu. Kwa taa ni rahisi: inua mnyororo pete moja, subiri saa moja, tazama. Kwa jiko punguza makaa au lisogeze. Siku ya chanjo usishushe chochote. Chanjo ya kideri au Gumboro inawachosha, na kuwapunguzia joto siku hiyohiyo ni mizigo miwili kwa pamoja.

Kuwaondolea joto kabisa hakufanywi siku moja. Kwanza zima mchana kwa siku tatu nne. Wakizoea, zima hadi saa nne usiku, uwashe kwa saa za alfajiri. Halafu acha kabisa, lakini taa ibaki imetundikwa wiki nzima. Mvua ya mawe ya Nakuru haitoi taarifa.

Wasome vifaranga wenyewe

Kipimajoto kinakuambia joto la mahali kilipowekwa. Vifaranga wanakuambia joto la bruda yote. Pakitokea ubishi kati yao, waamini vifaranga.

Wakikusanyika chini ya taa wamebanana, wakilia kwa sauti kali isiyokoma, wana baridi. Shusha taa au ongeza makaa. Wakikimbilia ukingoni mwa duara, midomo wazi, mabawa yamening'inia, kimya, wamezidiwa na joto. Inua taa, na uangalie maji, kwa kuwa kifaranga aliyepashwa kupita kiasi hukauka haraka. Wakijazana upande mmoja wakaacha upande mwingine mtupu, kuna upepo unaopenya. Lowesha mkono, upitishe kando ya ukuta usawa wa maranda hadi uusikie ubaridi, kisha ziba hapo tu. Wakitapakaa kila mahali, wengine wanakula, wengine wamelala ubavu na miguu imenyooshwa, sauti yao ni mlio mdogo wa kuridhika, usiguse chochote.

Wachungulie usiku, tena mwanzoni uwe na desturi ya kuamka saa kumi alfajiri, ambapo baridi ndiyo inakaribia kilele chake kabla ya jua. Simama mlangoni usikilize kabla ya kumulika tochi. Ukimulika kwanza watashtuka na kukimbia, na utapoteza ule mpangilio wa kulala ambao ndio ulioamka kuusoma.

Harufu nayo ni kipimo. Ukisikia amonia inayochoma pua ulipoinama usawa wao, maranda yamelowa na hewa haipiti. Toa yaliyolowa, mwaga makavu, fungua pazia juu. Kuongeza joto hapo kutazidisha amonia.

Stima ikipotea

Panga kabla haijapotea. Weka madumu matatu ya lita tano na magunia safi karibu na bruda, pamoja na jiko lililojaa makaa tayari kuwashwa. Stima ikienda, chemsha maji, jaza madumu, yafunge vizuri, yavingirishe kwa gunia, uyalaze ndani ya duara. Vifaranga watayaegemea. Punguza duara kwa kusogeza kuta ndani, funika nusu ya juu kwa gunia, uache nusu nyingine wazi kwa hewa. Badilisha maji kila yanapopoa. Njia hii haina moshi wala hatari, nami huipenda kuliko kukimbilia jiko usiku wa manane mkono mmoja ukiwa na tochi.

Stima ikirudi, usiwashe ukaondoka. Kaa utazame, maana bruda iliyofunikwa magunia na taa mbili juu yake hupata joto la kudhuru upesi sana.

Mwanga: siku za kwanza

Kifaranga akifika haijui bruda. Mpe mwanga wa kutosha kuona chakula na maji siku mbili tatu za kwanza: saa 22 au 23 za mwanga kwa siku, na saa moja au mbili za giza. Giza hilo dogo lina kazi. Linawafundisha kwamba mwanga unaweza kuzimika bila msiba, ili siku stima itakapopotea ghafla wasirundikane wakafa kwa hofu. Wakati huo wa giza joto linaendelea, na hapa ndipo balbu nyekundu au ya kauri inapolipa gharama yake.

Njia nyingine, ninayoipenda zaidi kwa wiki ya kwanza, ni saa nne za mwanga na mbili za giza, mfululizo. Vifaranga hula pamoja na kulala pamoja. Wadhaifu huamshwa na wenzao mwanga unapowaka, na wewe unapata kuona kwa urahisi ni nani hakuamka. Inahitaji taima, au mtu anayekesha.

Kiasi cha mwanga: uchuchumae ndani ya duara, usome gazeti bila kukaza macho. Balbu moja ndogo ya LED yenye rangi ya manjano iliyo juu ya duara inatosha. Baada ya wiki ya kwanza punguza ukali. Mwanga mkali ukiendelea, wanaanza kudonoana, kwanza vidole, kisha mkia, na wakishaonja damu ni vigumu kuwaachisha.

Kuku wa nyama

Wengi huwawashia taa usiku kucha hadi siku ya kuuza, wakiamini wanakula zaidi. Hula zaidi, kweli, na miguu na moyo vinashindwa kubeba mwili. Kuanzia wiki ya pili wape saa nne hadi sita za giza mfululizo kila usiku. Wakati huo hupumzika, mifupa hukaza, na asubuhi hukimbilia chakula. Hakikisha tu vyombo vina chakula mwanga unapowaka, la sivyo watakwaruzana migongo.

Kuku wa mayai na kienyeji walioboreshwa

Hapa ratiba ya mwanga ina uzito kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa mwanga ndio unaoamsha mwili wa kuku utage. Sheria ni mbili. Kuku anayekua asiongezewe saa za mwanga. Kuku anayetaga asipunguziwe.

Tuna bahati ya mahali. Ikweta inapita Maseno, na Nakuru iko kusini yake kidogo tu. Mwaka mzima jua letu ni saa 12 hivi, likichomoza karibu saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kuzama saa kama hiyo jioni. Mfugaji wa Ulaya hupambana na siku zinazorefuka na kufupika. Wewe unashuka hadi saa 12 na unakaa hapo.

Baada ya siku za kwanza shuka hivi: wiki ya pili saa 18, ya tatu 16, ya nne 14, na kufikia wiki ya sita uwe kwenye mwanga wa jua peke yake. Kuanzia hapo hadi wiki ya 17 au 18, taa za banda zizimwe usiku. Taa ya ulinzi ielekezwe nje, isimulike ndani. Mwanga ukiongezeka wakati huu, kuku huanza kutaga mwili haujakomaa: mayai madogo, na wengine kutokwa na sehemu ya uzazi.

Kabla ya kuongeza mwanga, pima uzito. Chukua kuku 20 bila kuchagua, piga wastani. Kuku wa mayai wa kahawia wa kisasa awe na kilo 1.4 hadi 1.5. Kama hawajafika, subiri na uboreshe chakula, hata kama wiki ya 18 imepita. Kwa kienyeji walioboreshwa, kama wale wa KALRO Naivasha, taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo, umri wa kuanza kutaga huchelewa zaidi, kwa hiyo tumia dalili: kishungi kuwa chekundu na kikubwa, na yai la kwanza moja moja kuonekana.

Wakiwa tayari, anza na saa 13: taa iwake saa kumi na moja na nusu alfajiri, jua lichukue zamu. Ongeza nusu saa kila wiki hadi saa 16, usipite hapo. Nyongeza za mwanzo ziweke alfajiri, kwa sababu jioni kuku huhitaji giza la taratibu ili wapande kulala. Ukifika saa 16, mpangilio rahisi ni taa kuwaka saa kumi alfajiri hadi kupambazuke, kisha kuanzia machweo hadi saa mbili usiku. Balbu moja hafifu ibaki robo saa baada ya nyingine kuzimwa, wapate kupanda.

Ukijua stima ya kwako haiaminiki, tulia kwenye saa 14, kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa moja jioni, na uweke taa ya sola yenye betri kama akiba. LED ya wati chache inatosha kazi hii. Kuku aliyepewa saa 16 kisha akapunguziwa hadi 12 kwa juma zima hupunguza mayai, na akizidi kukosa huanza kunyonyoka manyoya na kuacha kutaga.

Taima ya kuzungusha kwa mkono husimama stima inapokatika na huendelea ilipoishia stima inaporudi. Ikikatika kwa muda wa saa tatu, taa zako zote zitachelewa kwa saa tatu kuanzia siku hiyo, na hutajua hadi mayai yapungue. Kila jioni unapookota mayai, ilinganishe na saa ya simu na uirudishe kwenye wakati.